Migomba Juu ya Bomba la Maji Taka

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyopokea diploma yangu, na diploma yangu naikumbuka sana. Ni ile siku watu wa akina Kendi, binti niliyetaka kumwoa, walipotoka Muthara wakaja Nchiru kuona boma langu. Vuta kiti ukae. Nimesikia umemaliza kujenga, umehamia, na kila anayepita anasifu vigae vyako na madirisha yako makubwa. Nimeyaona, na mimi pia nimeyapenda. Lakini juzi nilipokuuliza laini yako ya maji taka inapita wapi, ulinyoosha mkono upande wa barabara, ukafikiri kidogo, halafu ukaunyoosha upande wa jirani. Hapo nikajua tuna mazungumzo, mimi na wewe.

Kwanza ujue anayekushauri ni nani. Nilisomea ujenzi na mabomba miaka mitatu, nikapata diploma yenye alama nzuri, ya kwanza katika ukoo wetu wote. Baadaye nikaenda Doha bila mjomba wa kunishika mkono. Nilianza huko nikibebea watu wengine vifaa, na nilipoondoka baada ya miaka saba nilikuwa msimamizi wa mabomba ya jengo lenye orofa thelathini na mbili. Kila mwezi tulipitisha kamera ndogo ndani ya mabomba ya maji taka, tukatazama kwenye kioo kila ufa na kila uchafu ulioganda. Nilifika mahali ambapo ningeweza kusimama nje ya mlango, nisikilize maji yakiteremka, nikwambie orofa gani ina shida. Hiyo si sifa ya kujitungia. Waliofanya kazi na mimi wanajua.

Niliporudi nilikuwa na miaka thelathini na mitatu na nguvu za kutosha. Nilinunua kipande cha shamba hapa Nchiru, kwenye mteremko, wakati chuo kikuu hakijaleta hosteli hizi zote, nikajenga nyumba ya mawe yenye vyoo viwili ndani. Bomba nililaza kwa mikono yangu, kutoka ukutani mpaka tangi la maji taka kule chini, hatua kama arobaini. Mama alileta wenzake wa kanisani kuona. Waliingia mmoja mmoja, wakavuta maji, wakatoka wakicheka na kutikisa vichwa. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa nimekunja mikono kifuani kama mkaguzi wa serikali.

Sasa sikiliza makosa yangu, kwa sababu ni ya mtu aliyesoma, na hayo ndiyo makosa mabaya zaidi.

Kati ya nyumba na tangi kulikuwa na manholi tatu, zile za kufungulia na kuangalia ndani. Vifuniko vyake vilinikera macho. Niliona vinaharibu uwanja. Mbili nikazifunika kwa matofali ya kupanga chini, ile ya tatu nikaiwekea chungu kikubwa cha maua. Uwanja ukapendeza kweli. Ungepita hapo usingejua kama nyumba hiyo ina choo.

Kosa lingine lilikuwa la migomba. Unajua kwetu maji ya bafu hayaachwi yapotee. Kila boma lina shina la migomba au nduma pale maji yanapomwagika, na hakuna anayeuliza kwa nini. Basi nami nikafikiri, shamba ni jembamba, udongo wa juu ya bomba tayari umelegezwa, kwa nini uoteshe nyasi tu? Nikapanda migomba kumi na mmoja juu ya ile laini, imenyooka kama mstari wa rula. Mwaka wa tatu ilikuwa inazaa mikungu ya kubebwa na watu wawili. Watu walisimama barabarani kuitazama. Nilipoulizwa siri yake, nilijibu kwamba ni udongo na bidii ya mwenye shamba.

Na la mwisho, mwezi mmoja kabla ya ugeni ule, nilifukia choo cha shimo kilichokuwa nyuma ya jikoni la mama. Mama alinikataza. Alisema choo kile hakijamkosea mtu. Nikamwambia haiwezekani wakwe wa mtu mwenye diploma waone choo cha shimo bomani kwake. Nikakifukia, nikapanda sukuma wiki juu yake.

Hiyo laini yenyewe nilikuwa sijaifungua tangu siku niliyoifunika. Miaka minne. Nilijiambia kwamba niliilaza mimi, naijua.

Kendi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Muthara. Mimi na yeye tulikuwa tumeelewana zamani. Baba yake ndiye aliyekuwa mlima. Mzee M'Ikiara alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye fimbo ya mti mweusi, na tayari alikuwa amemrudisha mchumba mmoja wa Kendi kwa sababu alipofika bomani kwa huyo mchumba aliona wanawake wanateka maji mbali na hakuna mwanamume anayejali. Desturi yenyewe unaijua. Kabla ya kuzungumza mahari, watu wa binti huja kuona atakakoishi. Wakipenda, wanasema tarehe. Wasipopenda, wanakula vizuri, wanashukuru, wanasema wataenda kufikiri, na hutawaona tena. Kendi aliniambia waziwazi kwamba baba yake akisema anaenda kufikiri, yeye hataweza kumpinga. Kwa hiyo siku ile nilikuwa naweka mezani maisha yangu yote.

Walikuja watu kumi na wanane. Tuliomba, tukanywa chai, tukala mukimo na nyama, na mkungu mmoja wa zile ndizi nikauweka katikati ya meza kama pambo. Kila kitu kilikuwa kinaenda sawa. Nikaanza kuwaeleza kuhusu Doha. Shangazi yake Kendi, dada ya M'Ikiara, aliyeitwa Kanyua, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo, aliuliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha kwa furaha. Akarudi akiwasifia wenzake jinsi maji yanavyozunguka, na wenzake nao wakataka kuona. Wakaenda wanane, mmoja baada ya mwingine.

Lazima nikwambie kwamba bomba lilikuwa limeanza kukoroma wiki mbili kabla. Nililisikia. Masikio yaleyale ya orofa thelathini na mbili yalilisikia, nami nikayaambia ni hewa tu.

Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule nikieleza jinsi kamera inavyoingizwa ndani ya bomba, nilipoona Shangazi Kanyua anainua miguu yake taratibu na kuiweka juu ya kiti. Nikafuata macho yake. Maji meusi yalikuwa yametoka bafuni, yamepita kwenye ukumbi, yanaingia sebuleni polepole kama mgeni anayeona haya. Na harufu yake sina haja ya kukueleza.

"Kirimi," akasema, "hii maji inatoka wapi, na mvua haijanyesha?"

Nikamwambia ni mambo ya presha tu.

"Presha naiona kwako," akasema, na wanawake wote wakaangua kicheko. Hata mama alicheka, na sijamsamehe kabisa.

Wakahamia nje na viti vyao. Sasa wale ambao walikuwa hawajaenda chooni wakaomba kuonyeshwa kile cha zamani. Mama akanitazama. Akanyoosha kidole kwenye sukuma wiki. Basi ikabidi wakwe zangu, na vitambaa vyao vya kichwani na sketi zao za sherehe, wapite kwenye pengo la ua kwenda kwa jirani, Mama Makena. Mama Makena aliwapokea kwa maji ya kunawa na sabuni ambayo haijafunguliwa, akawashika mikono kila mmoja, na mpaka leo tukikutana sokoni huniuliza kama nyumbani kwangu kuko salama.

Mzee M'Ikiara hakuwa amecheka wala kukasirika. Alichukua fimbo yake, akateremka uwanjani, akasimama mbele ya migomba yangu. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaitazama migomba mingine michache niliyokuwa nayo kando ya ua, iliyokonda kama inayougua. Akaniita kwa kidole.

"Hii umeipa mbolea gani?"

"Sijaipa kitu, Mzee. Ni udongo na bidii."

"Na ile ya kule bidii haikufika?"

Akaweka ncha ya fimbo kati ya migomba miwili na kuisukuma. Haikukataa. Ilizama kama inaingia kwenye uji, na alipoichomoa ilikuwa nyeusi inanuka. Akaipangusa kwenye nyasi bila haraka.

Huyu mzee, mwanangu, hakuwa amesoma kupita darasa la nne. Lakini kule kwao wana mradi wa maji ya kuteremka kutoka msituni, na yeye ndiye waliyemchagua kutembea na laini. Kila mwezi aliianza huko juu kwenye chanzo, akaifuata kwa miguu kupita mashamba ya watu mpaka mfereji wa mwisho, akiangalia kila kiungo.

"Mimi," akasema, "nikiona mahali nyasi ni kijani kuliko wenzake, nasimama, nachimba. Natembea kutwa nzima. Laini yako wewe ni hatua ngapi?"

"Arobaini, Mzee."

"Umeitembea lini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijaitembea tangu nimalize kujenga.

"Na huko Uarabuni mlikuwa mnaangalia baada ya muda gani?"

"Kila mwezi."

Akanitazama usoni. "Kwa hivyo nyumba ya Mwarabu uliitunza kuliko hii unayotaka kumletea mtoto wangu."

Nimekaripiwa na wakubwa wengi maishani, na mwingine kwa lugha tatu mfululizo. Hakuna aliyewahi kunipiga mahali nilipopigwa siku hiyo. Nilitaka kumwambia kuhusu diploma, nikaona haina pa kuingilia.

Hakusema anaenda kufikiri. Alisema watarudi baada ya Jumamosi mbili, na kwamba siku hiyo hatakuja kuangalia sofa. Ataanzia kwenye tangi. Kendi alipokuwa akiondoka alinipa mkono kama wengine, akanivuta karibu kidogo. "Kirimi, chimba," akaninong'oneza. "Mimi sina mwingine ninayemtaka."

Nikachimba. Jumatatu alfajiri nilikuwa nimeng'oa matofali, nimeondoa chungu cha maua, nimefungua manholi zote. Ya kwanza, iliyo karibu na nyumba, ilikuwa imejaa mpaka mdomoni. Ya pili ilikuwa kavu. Ukiona hivyo unajua adui yuko katikati. Nilichimba kati ya hizo mbili nikakuta viungo viwili vimeachana. Maji yalikuwa yanavuja hapo, migomba ikayafuata, mizizi ikaingia ndani ya bomba ikiwa nyembamba kama nywele, ikanenepa humo kwa sababu chakula kilikuwa kinaletwa mlangoni kila siku. Nilivuta fungu moja likatoka refu kama mkono wangu, limesokotana na vitambaa na mafuta ya jikoni yaliyoganda. Nililitundika kwenye ua nilitazame. Ile mikungu ya kubebwa na watu wawili, mwanangu, ilikuwa inalishwa na choo changu, nami nikawa napokea pongezi.

Kisha nikaona jambo lililoniondolea mzaha wote. Udongo uliolowa ulikuwa unateremka, na chini ya mteremko kuna kisima cha Mama Makena. Ulikuwa umefika nusu ya njia. Nilikwenda kwake, nikavua kofia, nikamweleza. Nikamwomba asinywe maji yale, nikayapeleka kupimwa. Yalikuwa bado safi. Nilipompelekea habari hiyo nilikaa kwenye ngazi ya jikoni lake. Ana watoto wanne yule mama, na wakati huo walikuwa wadogo.

Niliikata migomba yote kumi na mmoja na kung'oa mashina mpaka kwenye mizizi. Mama aliilia kama watu. Nikalaza mabomba mapya, nikapima mteremko mara tatu, nikainua midomo ya manholi juu ya ardhi, vifuniko vikae wazi kila mtu avione.

Jumamosi ile ya pili M'Ikiara alirudi na Shangazi Kanyua, Kendi, na wazee wawili. Alikataa chai. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akaniambia nifungue, akachungulia huku kaziba pua. Akapanda juu kwenye manholi ya tatu, ya pili, ya kwanza. Halafu akamwita Shangazi Kanyua amwage chooni ndoo ya maji yaliyochanganywa na jivu, ndivyo walivyokuwa wakifanya kwenye mradi wao kujua maji yanapita wapi. Tukasimama pale, mimi, M'Ikiara, wazee wawili na Kendi, tumeinama juu ya shimo kama watu wanaomtafuta mtoto aliyepotea. Mara maji ya kijivu yakaja mbio, yakapita chini yetu. Tukateremka kwa haraka mpaka ya pili, yakapita. Ya tatu, yakapita. Tukayasikia yakiingia kwenye tangi.

M'Ikiara akanyooka, akashika kiuno.

"Funika," akasema. "Sasa twende ndani tukae."

Kendi alipiga makofi peke yake, akaona haya, akaacha. Mahari ilizungumzwa alasiri hiyohiyo. Shangazi Kanyua alitangulia kwenda chooni, akatoka akaripoti kwa mkutano mzima kwamba sakafu ni kavu.

Basi shauri langu ni hili, na unalipokea kutoka kwa mtu ambaye laini yake haijaziba tena mpaka leo, ambaye mafundi wa mji mzima humpigia simu wakishindwa. Nyumba ya familia moja kama yako, mwite fundi wa kweli aikague laini ya maji taka kila mwaka au, ikiwa mabomba ni mapya na hakuna mti karibu, isipite miaka miwili. Siku hizi kamera zile za Doha zimefika hata hapa, usikubali fundi anayekagua kwa kusikiliza. Mabomba yakiwa ya zamani, au ukiwa na miti au migomba karibu na laini, ni kila mwaka bila kujadiliana. Wale wanaojenga hosteli za wanafunzi hapa Nchiru nawaambia kila miezi sita, kwa sababu wanafunzi hutupa chooni vitu ambavyo hata mimi sijui majina yake. Na ukinunua nyumba iliyokwisha kukaliwa, usitie sahihi kabla laini haijaonekana ndani.

Kati ya kukagua na kukagua, tembea mwenyewe. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za Oktoba, inua vifuniko, mwambie mtu avute maji, uangalie yakipita. Kutazama tu, usiingie ndani ya tangi hata kwa dakika moja, hewa ya mle huua mtu mzima akiwa na nguvu zake. Tope la tangi lipimwe kila mwaka, uite lori la kunyonya kabla halijajaa. Na ukisikia bomba linakoroma, au maji yanashuka kwa uvivu, au yanapanda bafuni ukivuta choo, au ukaona kipande cha nyasi kimenawiri wakati kwingine kumekauka, usingoje mwaka uishe. Mwite fundi wiki hiyohiyo. Panda migomba yako mbali, kuna nafasi. Chora laini yako kwenye karatasi, uibandike nyuma ya mlango wa jikoni, ili siku mtu akikuuliza inapita wapi usinyooshe mkono pande mbili. Diploma nilikuwa nayo, mwanangu, na kazi niliijua. Nilichokosa ni kuinua kifuniko cha nyumbani kwangu mwenyewe.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Akupe maji safi yanayoingia na njia iliyo wazi kwa yanayotoka. Majirani zako wanywe visimani mwao bila hofu kwa sababu yako. Akujaze wageni, wapate kula na kushiba, na mmoja wao akikuuliza choo kiko wapi, umwelekeze kwa mkono mmoja huku ukiendelea na hadithi yako bila kupunguza sauti.